Ayalandi "imejaa"? Sensa ya 1841 inasomwa vibaya na pande zote mbili

Tangu Novemba 2022, wakazi wa East Wall, mtaa ulio jirani na bandari ya Dublin, walipoingia barabarani kupinga jengo la ofisi kugeuzwa makazi ya watu wanaoomba hifadhi, kaulimbiu moja imeizunguka Ayalandi: nchi imejaa. Imechorwa kwenye mabango na kuimbwa nje ya hoteli za miji midogo, na baada ya fujo za Novemba 23, 2023, ambapo mabasi, tramu na magari ya polisi yalichomwa katikati ya jiji, hakuna mwanasiasa aliyeweza kujifanya haisikii. Wanaoipinga wana jibu lao, nalo husambaa kila mjadala unapowaka: sensa ya 1841 ilihesabu watu 8,175,124 kisiwani. Leo, ukijumlisha Jamhuri yenye watu wapatao milioni 5.46 kwa makadirio ya Aprili 2025 na Ayalandi Kaskazini, iliyobaki chini ya Uingereza, yenye milioni 1.9 hivi, hufiki milioni saba na nusu. Nchi yenye watu pungufu kuliko ilivyokuwa zaidi ya miaka 180 iliyopita itakuwaje imejaa?

Jibu hilo ni zuri kwa kuzima kelele, na hesabu yake ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba linalikubali swali kama lilivyoulizwa, kana kwamba Ayalandi ni ndoo na kazi yetu ni kuchungulia maji yamefika wapi. Hoja yangu ni kwamba idadi ya watu wa kisiwa hiki haijawahi kuamuliwa na ukubwa wake wala rutuba yake. Kwa karibu karne mbili imeamuliwa na sheria zinazosema nani atapata kipande cha ardhi na paa la kulala, na nani atamlipia maskini aliyekosa. Watu milioni nane wa 1841 walikuwa zao la sheria hizo, na kutoweka kwao pia. Uhaba wa nyumba unaowatoa watu barabarani leo ni zao la sheria za ukoo uleule.

Tuanze na ukubwa wa pengo, maana hata Ulaya kwenyewe wengi hawaujui. Mwaka 1841 England na Wales kwa pamoja zilikuwa na watu milioni 15.9, yaani Ayalandi ilikuwa zaidi ya nusu yake. Sensa ya 2021 ilihesabu huko milioni 59.6, Ayalandi nzima sasa ni kama sehemu moja ya nane. Kaunti 26 zinazounda Jamhuri zilikuwa na watu milioni 6.5 mwaka 1841, zikabaki na milioni 5.1 mwaka 1851, zikaporomoka hadi milioni 2.8 mwaka 1961. Sensa ya kwanza kuwakuta tena zaidi ya milioni tano ilikuwa ya 2022. Kila mtu anajua chanzo: Njaa Kuu iliyoanza 1845, iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwang'oa wengine kama milioni moja katika miaka michache. Lakini panga tarehe vizuri uone jambo linalorukwa. Kati ya 1841 na 1851 kisiwa kilipungukiwa watu milioni 1.6. Kati ya 1851 na 1926, wakati hakuna njaa ya kiwango kile, kilipungukiwa milioni 2.3 zaidi. Sehemu kubwa ya kumwagika kulikuja baada ya balaa kupita, na nadharia yoyote isiyoeleza hilo haijaeleza kitu.

Hao milioni nane waliishije? Wapatao milioni tatu walitegemea viazi karibu peke yake. Kibarua asiye na ardhi alikodi kipande kwa msimu mmoja, mara nyingi chini ya ekari, na kukilipia kwa siku za kazi. Namna ya kulima ilikuwa ya mkono mtupu na sepetu: unatandaza samadi, au mwani kama uko pwani, juu ya majani ya ardhi isiyolimwa kwa upana wa mita moja au zaidi kidogo, unapanga mbegu juu yake, kisha unachimba mtaro kila upande na kuupindulia udongo wake juu ya mbegu. Tuta linalopatikana linapitisha maji katika nchi inayonyeshewa mwaka mzima, na linamwezesha mtu kulima ubavuni mwa mlima au kwenye ardhi chepechepe ambako ngano isingesimama. Ekari ilitoa kama tani sita. Mwanamume mzima alikula kilo tano hadi sita kwa siku, akishushia maziwa yaliyobaki baada ya kusukwa siagi. Mlo huo unachosha ulimi, lakini kwa lishe una vitamini C ya kutosha, madini na protini ya kuridhisha. Kumbukumbu za uandikishaji wa askari wa enzi hizo zinaonyesha kwamba vijana wa Kiayalandi walikuwa warefu kuliko wenzao wa Kiingereza. Udhaifu wake ulikuwa kwingine: kiazi hakihifadhiki mwaka mzima. Kila Julai na Agosti, akiba ya zamani ikiwa imeoza na mpya haijakomaa, maskini walikopa unga au waliomba. Na kwa kuwa ni kizito na kina maji mengi, kukisafirisha kutoka wilaya yenye ziada kwenda yenye upungufu hakukulipa.

Ardhi yenyewe haikuwa imeisha. Sehemu kubwa ya ardhi nzuri ilibeba nafaka, ng'ombe na malisho, na mazao hayo ndiyo yaliyolipa kodi ya pango kwa wamiliki ambao wengi hawakuishi hapo. Kiazi kilikuwa cha tumbo kwa sababu kilishibisha familia kwenye eneo dogo kuliko zao lolote, na eneo dogo ndilo lililobaki baada ya pango. Wapangaji wengi hawakuwa na mkataba wa muda mrefu. Ukichimba mtaro wa maji au ukaezeka nyumba vizuri, thamani ya shamba inapanda na pango linapanda nayo, hivyo mwenye busara hakuboresha chochote. Hapa ndipo jibu la "mbona 1841 tulikuwa milioni nane" linapoanza kuchechemea. Sensa ileile iligawa nyumba katika madaraja manne, na zaidi ya theluthi, nyumba kama 491,000, zilikuwa za daraja la nne: vibanda vya udongo vyenye chumba kimoja. Namba hiyo haithibitishi kwamba kuna nafasi. Inathibitisha tu kwamba mfumo ule uliweza kuwabana watu wengi kwenye robo ekari huku ardhi nyingine ikifanya kazi nyingine.

Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa ambao mkulima wa Njombe au Nyandarua hahitaji kuelezwa: bakajani chelewa. Kisababishi chake, Phytophthora infestans, kina sura ya kuvu, ingawa kwa nasaba kiko karibu zaidi na mwani wa kahawia. Kinataka hewa ya ubaridi wa wastani na jani lililolowa kwa saa kadhaa. Vimbegu vyake huota, hupenya, na ndani ya siku chache jani lina madoa meusi yenye utando mweupe kwa chini, tayari kurusha vimbegu vingine kwa upepo. Mvua huvishusha ardhini hadi kwenye kiazi chenyewe, ambacho huoza hata kikiwa kimeshavunwa na kufukiwa ghalani. Ugonjwa ulionekana Ubelgiji katikati ya mwaka 1845 na ukafika Ayalandi kabla ya Septemba kwisha. Kwa kuwa viazi hupandwa kwa kiazi chenyewe, kila mche wa aina moja ni nakala ya mwingine, na maskini wengi walipanda aina iliyoitwa lumper, yenye maji mengi na ladha hafifu, iliyozaa sana kwenye udongo mbaya na isiyo na kinga. Tume ya wanasayansi iliyoundwa na serikali ilidhani tatizo ni unyevu, ikashauri viazi viwekwe kwenye mashimo makavu yanayopitisha hewa. Vikaoza humo. Mchanganyiko wa salfati ya shaba na chokaa, ambao ungewaokoa, uligunduliwa Ufaransa miaka ya 1880.

Mavuno ya 1845 yalipungua kwa kati ya theluthi na nusu. Ya 1846 yalipotea robo tatu au zaidi. Halafu kuna jambo ambalo wasimulizi wengi hulikosea. Mwaka 1847, ambao kumbukumbu ya Waayalandi huutaja kuwa mweusi kuliko yote, viazi havikuugua sana. Tatizo ni kwamba mbegu zilikuwa zimeliwa. Eneo lililopandwa lilishuka kutoka ekari kama milioni mbili hadi chini ya laki tatu, na wengi waliopaswa kupanda walikuwa mahali pengine wakiponda mawe kwa amri ya serikali.

Hayo ya mawe yanahitaji maelezo, kwa sababu ndipo maumbile yanapoishia na sheria zinapoanza. Waziri Mkuu wa Uingereza, iliyoitawala Ayalandi wakati huo, Robert Peel, mnamo Novemba 1845, aliagiza kwa siri mahindi ya Marekani yenye thamani ya pauni 100,000. Yalikuwa mahindi magumu, na vinu vya Ayalandi vilivyozoea nafaka laini havikuyaweza. Yalitakiwa kusagwa mara mbili, na waliokula unga uliosagwa nusunusu bila kuupika hadi kuiva waliugua matumbo. Pamoja na hayo, msimu ule wa kwanza ulipita bila vifo vingi vya njaa. Serikali ya John Russell, iliyoingia katikati ya 1846, iliamua kwamba chakula kitaletwa na wafanyabiashara, na kwamba kazi ya dola ni kuwapa watu ujira wa kukinunua. Charles Trevelyan wa Hazina ndiye aliyesimamia. Zikaanza kazi za umma: barabara, kuta, kusawazisha vilima. Kufikia Machi 1847 zaidi ya watu laki saba walikuwa kwenye orodha. Ujira ulikuwa peni nane hadi kumi kwa siku, tena kwa kipimo cha kazi, kwa hiyo aliyedhoofika akaponda mawe machache alilipwa pungufu na kesho yake alikuwa dhaifu zaidi. Malipo yalichelewa, bei ya unga iliruka juu ya ujira, na mikusanyiko ya watu wenye njaa na chawa ilieneza homa. Wengi waliokufa katika miaka ile hawakufa kwa tumbo tupu peke yake. Walikufa kwa homa za chawa, kuhara damu na, mwaka 1849, kipindupindu.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nisikubali hoja ya kwamba dola ya karne ya 19 haikuwa na uwezo. Februari 1847 Bunge lilipitisha sheria ya majiko ya supu. Masufuria makubwa ya chuma yalisambazwa, kamati za wilaya zikaandika orodha, na mapema Julai mwaka huo watu milioni tatu walikuwa wanapokea mgao kila siku, kwa kawaida uji mzito wa mahindi uliochanganywa na nafaka nyingine. Milioni tatu, katika nchi yenye reli chache, kwa kalamu na daftari. Gharama yote ilikuwa kama pauni milioni 1.7, nafuu kuliko barabara zile zisizokwenda kokote, na vifo vikapungua. Kufikia mwisho wa Septemba majiko yalifungwa, kwa hoja kwamba mavuno yamefika na viazi ni vizima. Vilikuwa vizima kweli, lakini kwenye eneo dogo mno.

Baada ya hapo mzigo ulihamishiwa kwenye kodi ya maskini, yaani kodi ya kuwatunza maskini, inayotozwa Ayalandi yenyewe, wilaya kwa wilaya, kupitia nyumba za kulelea maskini. Vifungu viwili vinastahili kusomwa pamoja. Cha kwanza, kilichopachikwa mwaka 1847 na mbunge William Gregory, kilisema anayeshikilia zaidi ya robo ekari hapati msaada mpaka aachie ardhi hiyo. Cha pili, cha 1843, kilisema shamba lenye thamani ya pauni nne kwa mwaka au chini, kodi yake ya maskini italipwa na mwenye ardhi na si mpangaji. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mmiliki mwenye wapangaji wadogo mia mbili. Kila mmoja ni deni linalokua kadiri njaa inavyoongezeka. Ukiwaondoa na kubomoa vibanda, deni linafutika na unabaki na malisho ya ng'ombe, ambao soko lao Uingereza linapanda. Mpangaji upande wake analazimika kuachia robo ekari yake ili familia ipate uji, na akishaachia, paa linaezuliwa siku hiyohiyo asirudi. Hakuna aliyehitaji kutoa amri ya kuwafukuza watu. Hesabu ya kodi ilitosha. Kati ya 1849 na 1854 polisi waliorodhesha watu karibu 250,000 waliofurushwa moja kwa moja. Nyumba za daraja la nne, zile 491,000, zilibaki kama 136,000 katika sensa ya 1851. Ukisikia mtu akisifu kwamba "hali ya makazi iliboreka" katika muongo ule, ujue ndiyo hiyo bomoabomoa anayoisema.

Hoja dhaifu kuliko zote kuhusu yote haya ni ile iliyoaminiwa na watawala wenyewe, na ambayo bado inarudi ikiwa imevaa nguo mpya: kwamba watu walizidi ardhi, na maumbile yakasawazisha. Bakajani haikuchagua Ayalandi. Iliipiga Ubelgiji iliyokuwa na watu wengi zaidi kwa kila kilomita ya mraba, ikaipiga Uholanzi, ikazipiga nyanda za juu za Uskoti ambako maskini walikula viazi vilevile. Ubelgiji ilizika makumi ya maelfu, nyanda za Uskoti wachache sana kwa kulinganisha. Na kama kosa lilikuwa wingi, basi baada ya sehemu moja ya tano kupungua kisiwa kingetulia. Hakikutulia kwa zaidi ya miaka mia moja.

Hoja ya kwamba chakula kilichosafirishwa nje kingetosha kuwalisha wote ina nguvu zaidi, ila huchukuliwa mbali kupita ushahidi. Ni kweli meli za nafaka, siagi na mifugo ziliendelea kuondoka. Ni kweli pia kwamba mwaka 1847 nafaka iliyoingia ilikuwa mara kadhaa ya iliyotoka, na kwamba upungufu wa viazi, uliokuwa wa mamilioni ya tani, usingezibwa na nafaka ile pekee. Kilichoua ni muda. Mahindi mengi ya Marekani yalifika mwaka 1847 ukiwa umeanza, na kufunga bandari majira ya vuli ya 1846 kungewavusha watu miezi ile mibaya. Serikali ilikataa kwa imani ya soko huria. Wale wanaosema yalikuwa mauaji ya kukusudia ya taifa zima hukwama kwenye yale majiko ya supu: dola inayotaka watu wafe haiwapikii uji milioni tatu. Lakini majiko hayohayo yanawaumbua wanaosema haikuwezekana. Hazina ilitumia kwa njaa nzima takriban pauni milioni nane, sehemu kubwa ikihesabiwa kwanza kama mkopo, wakati mwaka 1833 dola ileile ilitenga milioni 20 kuwafidia waliokuwa wakimiliki watumwa. Uwezo ulikuwepo. Kilichokosekana ni utayari wa kuuhesabu mzigo wa Ayalandi kuwa mzigo wa ufalme mzima.

Sasa tuje kwenye ile milioni 2.3 ya baadaye. Wakulima walionusurika walijifunza somo moja: ardhi haigawanywi tena. Mwana mmoja anarithi, binti mmoja anatolewa mahari ya kuolewa, waliobaki wanatafutiwa nauli. Baba hakuachia shamba mapema, hivyo mrithi alioa akiwa na miaka 35 au 40, au hakuoa kabisa. Kufikia 1911 karibu robo ya wanawake wa miaka 45 hadi 54 hawakuwahi kuolewa, jambo lisilo la kawaida hata kwa Ulaya ya wakati huo. Familia zenye ndoa zilizaa sana, na ziada ikapanda meli. Tofauti na sehemu nyingi za Ulaya, wasichana waliondoka kwa wingi sawa na wavulana, wengi kwa tiketi iliyolipiwa na dada aliyetangulia kufanya kazi za ndani Boston au New York. Kufikia 1890, kati ya watu watano waliozaliwa Ayalandi, wawili walikuwa wanaishi nje ya Ayalandi.

Wazalendo hupenda kusema uhuru ndio uliokuwa dawa. Haukuwa, angalau si kwa haraka. Sheria za kununua ardhi, hasa ya 1903, ziliwakopesha wapangaji fedha za kuwalipa mabwana, na hata kabla ya uhuru wa 1922 wakulima wengi walikuwa wamiliki au njiani kuwa wamiliki. Umiliki ulimtibu mkulima. Kibarua na wadogo wa mrithi hawakupata kitu. Ardhi iliendelea kugeuka majani: ng'ombe walikuwa chini ya milioni mbili kisiwani mwaka 1841 na karibu milioni tatu mwaka 1851, na leo Jamhuri peke yake ina kama milioni saba, wengi kuliko raia wake. Ng'ombe hawahitaji vibarua wengi. Katika miaka ya 1950, chini ya bendera yao wenyewe na serikali yao wenyewe, watu wapatao laki nne waliondoka nchini. Mkondo uligeuka baada ya sera za 1958 kuufungulia uchumi milango na baada ya kujiunga na jumuiya ya Ulaya mwaka 1973, na hata hapo uligeuka kwa kusitasita.

Kwa hiyo anayesema leo nchi imejaa anaona nini? Tumtendee haki, maana anaona kitu halisi. Tume ya Makazi iliyoripoti Mei 2024 ilikadiria kwamba kufikia 2022 nchi ilipungukiwa nyumba kati ya 212,500 na 256,000. Katika mji mdogo wenye hoteli moja, hoteli ile ikikodishwa na serikali kwa ajili ya waomba hifadhi, watalii hawana pa kulala, mkahawa wa jirani unapoteza wateja, na zahanati yenye daktari mmoja inapata wagonjwa mia zaidi bila daktari wa pili. Zaidi ya Waukraini laki moja wamepokewa tangu 2022. Mtu huyo hajadanganywa kuhusu foleni. Amedanganywa kuhusu chanzo chake.

Chanzo kinaonekana kwenye takwimu za ujenzi. Mwaka 2006, kilele cha mikopo holela, nchi ilimaliza nyumba karibu 90,000 kwa mwaka. Benki zilianguka 2008. Mwaka 2013 zilimalizwa chini ya 5,000. Wajenzi walihamia Australia na Kanada, mafundi wachanga hawakufundishwa, kampuni za ujenzi zikafa, na halmashauri zilizokuwa zikijenga nyumba za umma zikaacha kujenga. Miaka kumi ya kutojenga haifidiwi kwa kutangaza lengo: mwaka 2024 zilimalizwa kama 30,000, na tume ileile inasema zinahitajika nyingi zaidi. Fedha si kikwazo. Hii ndiyo serikali iliyokwenda mahakamani miaka kadhaa ikibisha isilipwe euro bilioni 13 za kodi na kampuni ya Apple, ikashindwa Septemba 2024 na kulazimika kuzipokea. Vikwazo ni viwanja vilivyoshikiliwa vipande vipande, vibali vinavyoweza kuzuiwa mahakamani na jirani mmoja, mabomba ya maji taka ya Dublin yaliyofika kikomo, na jiji lililotapakaa kwa nyumba za ghorofa mbili hadi vijijini badala ya kupanda juu.

Tena uhamiaji wenyewe si ule unaosemwa mitaani. Katika mwaka ulioishia Aprili 2025 takriban robo ya walioingia nchini walikuwa Waayalandi wanaorudi nyumbani. Zaidi ya nusu ya walioondoka walikuwa Waayalandi pia, wakiwemo vijana wengi waliokwenda Australia. Kuzuia wageni hakungewabakisha hao, kwa kuwa hawakimbii wageni. Wanakimbia pango linalokula sehemu kubwa ya mshahara. Na kungeondoa sehemu ya mikono inayotakiwa kujenga nyumba zile zaidi ya 200,000, pamoja na wauguzi na wahudumu wa wazee ambao hospitali za Ayalandi zinawategemea.

Linganisha kodi za enzi mbili. Kifungu cha pauni nne kilimtoza mmiliki kwa kuwa na mtu ndani ya nyumba, naye akabomoa nyumba. Sensa ya 2022 ilikuta nyumba 166,752 zikiwa tupu, bila kuhesabu nyumba za likizo zipatazo 66,000. Baadhi zinasubiri mirathi, nyingine ukarabati, nyingine ziko kaunti ambazo kazi hakuna, hivyo si zote zinazoweza kufunguliwa kesho. Lakini kodi ya nyumba tupu iliyoanzishwa juzijuzi, hata baada ya kupandishwa hadi mara saba ya kodi ya msingi ya nyumba, bado ni chini ya asilimia moja ya thamani kwa mwaka. Bei za nyumba zimekuwa zikipanda haraka kuliko hapo. Mmiliki anayefunga mlango na kusubiri anapata faida kwa kusubiri, na kama ilivyokuwa 1847, hahitaji kuwa mtu mbaya ili afanye hivyo.

Sensa ijayo imepangwa 2027, na bila shaka vyombo vya habari vitakimbilia jumla kuu na kuanza tena kubishana kama kisiwa kinakaribia ile milioni nane. Safu zenye maana ziko kurasa za ndani zaidi. Moja ni idadi ya nyumba tupu kwa kila kaunti na muda zilizokaa hivyo. Nyingine ni watu wazima, wa miaka 18 na kuendelea, wanaoishi kwa wazazi wao: mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 522,000, ongezeko la asilimia 14 tangu 2016.